Shombo ya Nyangumi katika Ghuba ya Wilhelmina

Leo ni siku ya sita tangu tung'oe nanga Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, na kiangazi cha Antaktika kinaelekea ukingoni, kwani Februari inakwisha. Asubuhi tulishuka kisiwani Cuverville, baada ya kuosha viatu kwa dawa. Kanuni inatutaka tukae umbali wa mita 5 kutoka kwa pengwini, na kwa hofu ya homa ya ndege haturuhusiwi kuketi wala kuweka mkoba chini. Pengwini wenyewe hawaijui kanuni hiyo. Kifaranga mmoja wa jamii ya gentoo, aliyebakiwa na manyoya ya utotoni utosini tu, alimkimbiza mzazi wake akidai chakula, wakapita karibu na magoti yangu, nami nikasimama kama mlingoti mpaka walipotokomea.

Hata hivyo, kilichoninyima usingizi usiku huu ni cha alasiri. Tulikuwa kwenye boti ya mpira katika Ghuba ya Wilhelmina wakati kiongozi wetu alipozima injini, na katika ukimya ule nikasikia pumzi nzito nyuma yangu. Nyangumi wa nundu wawili walikuwa wameibuka, wakapuliza, na mvuke wao ukatuangukia usoni ukiwa na shombo kali ya krili, viumbe wadogo wanaofanana na uduvi wetu. Mmoja alipozama aliinua mkia, nikayaona mabaka meupe ya upande wa chini, ambayo watafiti huyatumia kumtambua kila nyangumi.

Sisi tuliokulia Watamu, pwani ya Kenya, huwaona nyangumi wa nundu kuanzia Julai, wanapopanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Hawa wa leo ni wa kundi jingine, linalozalia pwani za Colombia na Ekuado, lakini nilihisi kana kwamba nimewafuata wageni wetu hadi jikoni kwao.

Katika ghuba hiyohiyo, kando ya kisiwa cha Enterprise, limelala bado gofu lenye kutu la Guvernøren, meli ya Norwei ya kuchakata nyangumi iliyoungua mwaka 1915 ikiwa imesheheni mafuta yao. Nililitazama kwa uchungu mwingi. Tulipokuwa tukirejea melini, pumzi zile zilisikika tena, mara mbili, kutoka upande wa lile gofu.