Mwalimu Alma na rangi zake

Leo nimesimama karibu nusu saa mbele ya mchoro wa Alma Thomas, mchoraji wa Marekani, jumba la sanaa la Smithsonian, Washington. Hauna mtu wala nyumba. Ni vipande vifupi vya rangi, safu kwa safu, na weupe unapenya katikati kama jua kwenye majani ya mwembe. Machozi yalinilenga.

Mama huyu alifundisha sanaa shule moja ya jiji hili miaka 35, akastaafu 1960, ndipo akaupata mtindo huu. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake jumba la sanaa la Whitney, New York.

Nami ni mwalimu wa kuchora, Temeke. Rangi tunagawana kwa vizibo vya soda. Wanangu, picha nawaletea!