Picha iliyoganda kwenye kioo

Dada alinifuata kazini, Tanga, masika ya 2018 yalipokwisha, fremu kaiviringisha kwenye kanga. Ndani mlikuwa na picha ya timu yao ya mpira wa pete, 1996, siku ya mechi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Si ile ya kujipanga mistari miwili, mikono nyuma. Hiyo kila mmoja wao anayo. Hii walipigwa bila habari: wamejitupa chini ya mwembe wakati wa mapumziko, mchezaji wa nafasi ya GA anamenya chungwa kwa meno, wa C kalala chali, wa WD anafunga kiatu kwa kamba ya katani. Ndiyo picha pekee inayowaonyesha walivyokuwa, na negativu yake, filamu ya kusafishia nakala nyingine, ilishapotea.

Miaka yote ilikaa ukutani imebanana na kioo. Unyevunyevu wa pwani ukalainisha jelatini, ule utando unaobeba rangi, ukashika kioo kama gundi. Dada alishaanza kuibandua kwa ukucha, nikamsihi aache.

Kabla ya kuilowesha kwenye maji ili iachie kioo, niliipiga picha vilevile ilivyo, taa moja kila ubavu, kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisirudishe mwanga. Kazi ikiharibika, hiyo angalau inabaki. Kisha nikatafuta ukungu. Jelatini iliyoliwa na ukungu huyeyuka ndani ya maji na sura za watu zikaenda nayo. Picha yenye madoa hayo hailoweshwi. Hii ilikuwa safi.

Maji ya bomba hapa ni vuguvugu, na joto huilegeza jelatini kupita kiasi. Nilitumbukiza chupa mbili za barafu kwenye beseni mpaka kipimajoto kikasoma nyuzi 20, nikazitoa, nikalaza kioo chini, picha juu. Karatasi za picha za rangi za miaka ile zina plastiki pande zote mbili. Maji hayapiti mgongoni, yanajipenyeza kwenye kingo tu, taratibu mno.

Hapo ndipo nilipokosea. Dakika ya 25 kona ya kulia iliachia, nami nikaisukuma kwa kidole. Kikatokea kidoa cha njano, kadiri ya punje ya dengu. Kwenye karatasi hizi njano ndiyo tabaka la chini kabisa. Ukiiona, rangi mbili za juu yake zimeshabaki kwenye kioo. Nikatoa mkono. Baada ya nusu saa nyingine picha iliteleza yenyewe. Kidoa kiliangukia shina la mwembe, hakuna uso ulioguswa.

Niliisuuza kwa maji safi ya baridi, nikaitundika kwa kibanio pembeni kabisa, feni imezimwa kwa ajili ya vumbi. Ilipokauka niliiskani kwa nukta 600 kwa inchi, kisha nikairudisha kwenye fremu, safari hii na ukingo wa kadibodi wa milimita 2 unaoitenga na kioo.

Dada akaishika, akaanza kuwataja mmoja mmoja kutoka kushoto, nami nikiandika majina kwenye karatasi ya kubandika nyuma ya fremu. Wa sita alikuwa kainama, uso hauonekani wala herufi za kifuani. Alimtambua kwa ile kamba ya katani.