Niulize kwa nini siji

Jumamosi, usiku

Majibu ya jaribio la baada ya somo langu la presha, ninalolifanyia utafiti wa uzamili, yamekuja mazuri kuliko nilivyotarajia. Karibu kila aliyehudhuria ameandika kwamba presha yaweza kumkaa mtu miaka bila dalili yoyote, na kwamba dawa haiachwi eti kwa sababu mtu anajisikia nafuu. Mwezi uliopita ningelipeleka jedwali hili kwa msimamizi wangu mbio. Sasa limelala mezani, na nimeshindwa kuliandikia hata aya moja, kwa sababu ya mzee mmoja.

Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Nilipomaliza somo nikauliza kama kuna mwenye swali, akainuka polepole. "Mwanangu, haya unayosema nayajua. Nimeambiwa tangu siku ya kwanza nilipopimwa. Sasa wewe niulize kwa nini siji kliniki."

Dodoso langu halina swali hilo. Nina maswali ishirini na nne, na yote yanapima anachokijua mtu. Nikamwuliza hapohapo, kwa aibu kidogo. Akaniambia kliniki ya presha ni asubuhi moja tu kwa wiki, na asubuhi ndipo anapopata kibarua. Halafu akashusha sauti. Mara ya mwisho alikwenda akiwa amekosa vidonge siku kadhaa, na muuguzi akamsema mbele ya foleni nzima. "Nikaona kuliko kuvunjiwa heshima, bora nibaki na presha yangu."

Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi wodini na kliniki miaka minane kabla ya kurudi darasani kusomea uzamili wa afya ya jamii. Nimewasema wagonjwa mbele ya foleni, tena mara nyingi, nikiamini ninawasaidia. Tulikuwa na usemi wetu kwa wanaokatisha dawa: sikio la kufa halisikii dawa. Tukishasema hivyo, shauri limekwisha na kosa limekuwa la mgonjwa. Usiku huu nimejaribu kukumbuka kama kuna hata mmoja niliyemketisha pembeni nikamwuliza kilichomkwamisha, na sijampata.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba jambo hili nimelisoma. Muhula wa kwanza tulifundishwa kielelezo cha imani kuhusu afya, na nikakiandikia insha iliyopata alama nzuri. Kielelezo hicho kilizaliwa Marekani miaka ya 1950, pale wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma walipojiuliza kwa nini watu hawajitokezi kupigwa eksirei ya kifua kikuu ilhali ni bure na mashine zimesogezwa hadi mitaani. Nilikariri vipengele vyake: mtu anajionaje kwenye hatari, anaona faida gani, anaona vikwazo gani. Lakini nilipokaa kutunga dodoso langu, vikwazo nikavisahau. Maarifa ni rahisi kuyahesabu: unauliza kabla, unafundisha, unauliza baada, namba inapanda.

Nimetoa tena daftari la muhula ule, nikatafuta kisa cha Bangladesh ambacho mhadhiri alikitumia karibu kipindi kizima. Kati ya 1980 na 1990 BRAC, shirika la maendeleo la huko, liliwapeleka wahudumu wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari ya kujaa kiganja, nusu lita ya maji. Walizifikia kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya mhudumu hayakuhesabiwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Msimamizi alirudi baadaye kwenye baadhi ya nyumba, akamtaka mama ayataje yale mambo kumi aliyofundishwa na atengeneze maji mbele yake, na mhudumu akalipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka. Nilipolisikia hilo darasani nililipenda mno. Hadi leo naona ni haki kuliko kumlipa mtu kwa kuhesabu mikutano.

Ila kilichofuata sikukiandika vizuri daftarini, maana nilishavutiwa na hesabu ya malipo. Akina mama walikumbuka, tena sana, lakini watoto walipoharisha wachache tu ndio waliopewa maji yale. Wenye mpango wakarudi kuuliza sababu. Wakagundua kwamba wahudumu wenyewe, wakiharisha, walikuwa wakitumia dawa nyingine. Walifundisha wasichokiamini, na akina mama waliliona hilo. Tena waume hawakuwa wameshirikishwa. Ikabidi wahudumu waelezwe upya namna maji yale yanavyofanya kazi mwilini, na mikutano ya wanaume ikaanzishwa. Hapo matumizi yakaanza kupanda.

Mezani pangu pia kuna jina la Ali Maow Maalin, nililiandika pembeni ya karatasi nikiwa nasubiri chai ipoe. Mwaka 1977, huko Merca nchini Somalia, alikuwa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizi. Alikuwa mpishi wa hospitali. Alifanya kazi mahali penye chanjo, na bado aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Miaka mingi baadaye alizunguka kuwahimiza wazazi wapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, akiwaeleza kosa lake mwenyewe. Namfikiria mzazi mwenye hofu aliyekaa mbele yake, akaisikia hofu yake ikitajwa na mtu aliyewahi kuwa nayo. Mimi na jedwali langu hatuwezi kumfikia mzazi huyo kwa namna ile.

Kwa hiyo nimeamua. Nitaongeza mazungumzo ya ana kwa ana na watu walioacha kliniki, na ndiyo kusema kamati ya maadili ya utafiti lazima iyapitie mabadiliko kabla sijamhoji yeyote. Huenda nikachelewa kuhitimu. Msimamizi wangu hatafurahi, ingawa nadhani ataelewa.

Jumatatu nitamwona muuguzi mkuu wa kliniki ile, nimwulize kama inawezekana kufungua jioni moja kwa wiki. Na nimweleze habari ya foleni, bila kumtaja mzee. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Nataka kumwambia kama muuguzi mwenzake aliyefanya vilevile, asidhani nimekuja kumshitaki. Maneno ya kuanzia nimeyaandika mara tatu, na mara tatu nimeyafuta.