Nikatie wewe

Khanga mpya ukiipiga pasi ya kwanza inatoa harufu ya wanga na rangi, na ukiwa umeinyunyizia maji kidogo, mvuke wake unakuingia mpaka kooni. Jumamosi binti yangu alikuwa anaipiga pasi doti yake sebuleni, anataka kujishonea gauni lake la kwanza. Patani kaichora mwenyewe kwenye gazeti. Bandi anajua kupiga, na cherehani anaiendesha vizuri tu. Ila mkasi alikuja kuniwekea mkononi.

"Mama, nikatie wewe. Naogopa kuharibu."

Nikamwambia anisubiri kidogo, nikatoka kukaa barazani.

Mwaka 1994 Idi iliangukia Machi, na sisi tulikuwa bado Tanga, Ngamiani. Kitambaa changu cha sikukuu, poplini ya manjano, kilikuwa kwa fundi tangu kumi la kwanza la Ramadhani. Maneno ya mafundi mfungo ukikaribia kwisha kila mtu anayajua: njoo kesho, bado vifungo tu, pitia baada ya alasiri. Siku ya mfungo wa 29, mama alipitia baada ya alasiri akakuta kufuli mlangoni. Jirani akamwambia fundi kapanda basi mchana, kaenda kwao. Poplini ile sikuiona tena.

Tukafuturu kimya. Umeme ulikuwa umekatika, redio ya betri ipo dirishani, mtaa mzima unasubiri kusikia kama mwezi umeandama. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na niliomba kwa moyo wangu wote usionekane, tupate siku moja zaidi. Redio ikatangaza. Takbira zikaanza msikitini na watoto wa nje wakapiga kelele. Mimi nikalia.

Bibi hakunibembeleza. Alifungua sanduku lake akatoa doti nyekundu na nyeusi, mpya, inanukia udi, jina lake WEMA HAUOZI. Akaniambia nilete mkeka.

Bibi alikuwa akiwapindia wanawake wa mtaani khanga zao. Doti ikinunuliwa dukani vipande vyake viwili bado vimeungana, lazima vitenganishwe na kupindwa, na kazi hiyo yeye aliifanya kwa cherehani ya mkono, Singer nyeusi ambayo maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika pale kiganja chake kilipopita miaka yote. Nilikuwa nimekaa karibu na cherehani ile tangu sijui kusoma. Sikuwahi kuikatia kitu hata kimoja.

Tukatandika khanga ya kwanza chini, chemli pembeni. Bibi akaikunja katikati, mkunjo ukapita sawasawa katikati ya jina. Tukaweka juu yake gauni langu la zamani, nalo limekunjwa nusu, liwe patani. Pindo la chini la khanga ndilo lingekuwa upindo wa gauni, tusihangaike kulikunja. Futi kamba haikuwepo. Bibi alipima kwa mkono wake, kidole gumba mpaka kidole kidogo, na kilichozidi kwa upana wa vidole.

"Shibiri mbili na nyanda tatu," akasema, "halafu ongeza nyanda mbili za mshono."

Nikachora kwa kipande cha sabuni. Halafu akanipa mkasi.

Ulikuwa mkasi mkubwa wa chuma, mzito, tundu la dole gumba limezungushiwa kitambaa kwa sababu lilikuwa linakwaruza. Nikamrudishia.

"Bibi, mimi siwezi. Kata wewe."

"Mjukuu wangu, macho haya usiku huu hayaoni kitu. Nikikata mimi tutapata viraka."

Nikapiga magoti. Khanga mpya ina ugumu wake, wanga bado umo, haitelezi kama iliyokwishafuliwa. Niliingiza mkasi kwenye pindo la chini nikasimama hapo. Nakumbuka mwanga wa chemli ukicheza juu ya chuma. Nakumbuka nilikuwa najua kabisa kwamba nikibana, kitu hiki hakitakuwa tena khanga ya bibi, hata lisipotoka gauni. Bibi alikuwa amekaa nyuma yangu, goti lake limegusa mgongo wangu. Hakusema neno. Nje watoto wanakimbia na takbira. Nikabana. Mlio wa nguo mbili zilizokunjwa zikikatika pamoja, krrra, ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, na mkono wangu ukauonea utamu, ukataka tena. Nikapanda na mstari wa sabuni mpaka kwapani. Pale kwenye mviringo nikasita, nikausikia mkono wa bibi begani unanisukuma kidogo. Nikaendelea.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulikata na ile ya pili kwa mgongo, tukapiga bandi, tukashona. Bibi alizungusha mpini, mimi nikaongoza kitambaa kwa mikono miwili. Mabega, ubavu, shingo tukaizungushia utepe uliotoka kwenye pindo la pembeni. Mama akaamka kabla ya alfajiri akalipiga pasi ya mkaa.

Nilipolivaa ndipo tukaona. Zile nyanda mbili za mshono nilizisahau. Gauni lilinikaa, ila lilinibana, na mshono ulikuwa umemeza herufi za pembeni: W yote na I ya mwisho. Kwenye magoti yangu paliandikwa EMA HAUOZ. Machozi yakaanza upya. Bibi akalipapasa jina kwa kidole, herufi moja moja.

"Anayelijua atalimalizia mwenyewe," akasema. "Nenda kaswali."

Nikaenda. Siku ile nilipita nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, na kila aliyeuliza nimeshonewa na nani nilimjibu nimeshona mwenyewe.

Siku saba au nane baadaye nilitoka uani jua limekwishazama. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, yuko peke yake, sindano nyembamba mkono wa kushoto, uzi mweusi mkono wa kulia. Aliulowesha uzi mdomoni akaupitisha mara moja tu. Halafu akaniona. Akaishusha sindano mapajani, akaanza kuniuliza kama maji yameletwa.

Sikumwuliza. Baadaye nilipotaka kumwuliza alikuwa hayupo. Mama anasema bibi alikuwa na mtoto wa jicho kweli, na macho ya namna hiyo huteswa na taa kuliko mwanga wa jioni. Huenda. Mimi nimelishika jambo hili miaka thelathini na zaidi, kuna siku naamini hili, kuna siku lile, na kila ninapokata kitambaa bado naliona goti lake mgongoni mwangu.

Ndani pasi imezimwa. Binti yangu ananiita mara ya pili. Miwani nimeivua, ninayo mkononi, sijui kama nitaingia nayo au nitaiacha hapa barazani.