Shilingi ya Waziri

Mwanjelwa, Mbeya, leo mchana, redio ya fundi cherehani ilikuwa Bungeni Dodoma. Bajeti ya Wizara ya Kilimo.

Mbunge akasema anashika shilingi. Kijiwe kizima kikacheka: shilingi moja itamfanya nini Waziri?

Ngojeni kwanza.

Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, Spika anaitwa Mwenyekiti na vifungu vya bajeti vinapitiwa kimoja kimoja. Kifungu 1001, penye mshahara wa Waziri, ndipo maswali ya sera yanapoingilia. Mbunge asiporidhika na majibu anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo. Akiungwa mkono, wenzake wanachangia, Waziri anajibu tena, kisha mwenye hoja anairudisha shilingi au kura inaamua.

Mara nyingi inarudi. Kinachobaki ni ahadi ya Waziri, na imeshaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Wenye mahindi na parachichi, hiyo ndiyo ya kukomaa nayo!

Kinachoharibu ni saa. Muda ukiisha, vifungu vilivyobaki vinapita kwa mkupuo, na swali la ruzuku ya mbolea linalala humo humo.

Betri za fundi zikaisha kabla ya kura.

Nani alisikia? Shilingi ilirudi?