Aliyeiviza Nafsi Yake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katika Surat Ash-Shams, Mwenyezi Mungu anaapa kwa jua, mwezi, mchana, usiku, mbingu na ardhi, kisha kiapo cha saba kinatua juu ya nafsi ya mwanadamu na Yule aliyeitengeneza akaifahamisha uovu wake na wema wake. Jibu la viapo vyote hivyo linakuja kwa aya mbili fupi: amefanikiwa aliyeitakasa, na amekhasiri aliyeiviza. Neno hili la mwisho nimelichukua kama alivyoliweka Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani katika tafsiri yake ya Kiswahili, na kwa miaka mingi nililipita tu, kama tunavyozipita aya tulizozihifadhi chuoni kabla hatujajua maana yake. Juma hili neno hilo limenisimamisha, na sababu yenyewe ni mayai.

Bibi yangu anaishi Mbagala, na nyuma ya nyumba yake, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani, anafuga kuku wa kienyeji. Jumamosi iliyopita nilimkuta amechutama mbele ya kiota alichokitengeneza ndani ya tenga bovu. Kuku alikuwa ameshashuka na vifaranga wake saba, na mayai manne yalikuwa yamebaki, mazima, hayana hata ufa. Akaniita kwa utani wake wa siku zote, "Mume wangu, njoo unimulikie," nami nikawasha tochi ya simu na kuliweka yai moja juu ya mwanga. Ndani kulikuwa na kiwingu cheusi kilichokuwa kikiyumba kila nilipoutikisa mkono. Bibi akalichukua, akalisogeza sikioni, akalitikisa na kusema ni viza, yaani yai lililoharibika bila kuangua. Nikamuuliza limeharibiwa na nini, maana siku 21 zilikuwa zimetimia na yote yalikuwa chini ya mama mmoja. Akasema, "Hakuna kilicholiharibu. Lilikuwa pembeni ya kiota, likapoa, likarudiwa, likapoa tena. Basi."

Nilirudi nyumbani na neno hilo "basi" likinisumbua.

Ili tuone ni kitu gani hasa kinachoweza kuviza ndani ya mtu, inatupasa turudi kwenye habari ya kuumbwa kwake. Katika Surat Al-Hijr, Mwenyezi Mungu anawaambia Malaika kwamba atamuumba mtu kwa udongo mkavu unaotoa sauti, uliotokana na matope meusi yaliyovunda, na kwamba akishamkamilisha na kumpulizia roho itokayo Kwake, basi wamwangukie kwa kusujudu. Amri ya kusujudu haikufungamanishwa na udongo peke yake. Iliwekwa baada ya kupuliziwa roho. Malaika wote walitii. Iblisi alipoulizwa kilichomzuia, alijibu kuwa yeye si wa kumsujudia mtu aliyeumbwa kwa udongo mkavu wa matope yaliyovunda, na ukilisikiliza jibu lake vizuri utaona kwamba hakusema uongo kuhusu udongo. Aliliona ganda akalielezea barabara, bali alinyamaza kabisa kuhusu kilichokuwamo ndani.

Wanazuoni wametahadharisha hapa tusije tukadhani kwamba mwanadamu amebeba kipande cha Mungu. Kauli ya "roho yangu" ni kauli ya kuitukuza roho kwa kuinasibisha na Muumba wake, kama Kaaba inavyoitwa Nyumba ya Mwenyezi Mungu, na kama ngamia wa watu wa Thamudi anavyoitwa, katika sura hii hii ya Ash-Shams, ngamia wa Mwenyezi Mungu. Roho imeumbwa. Ama uhalisi wake, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa aliamrishwa kujibu kwamba roho ni katika mambo ya Mola wake, na kwamba watu hawakupewa katika elimu ila kidogo tu. Mimi huona katika jibu hilo adabu kubwa, kwa sababu kitu tunachoishi nacho karibu kuliko mishipa yetu ndicho tulichoambiwa tusijidai kukimaliza kwa maneno.

Kiswahili chetu cha mtaani nacho hutuchanganya kidogo. Tunasema fulani ana roho mbaya, mwingine ana roho safi, wa tatu amekata roho, na neno moja linabeba mizigo mitatu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba maneno manne, yaani moyo, roho, nafsi na akili, kila moja lina maana yake ya peke yake, lakini yote manne hukutana katika maana moja, nayo ni kile kitu cha ndani kisichoonekana ambacho hujua, hutambua na kumwelekea Mola wake. Kwa hiyo hatuna haja ya kugombana sana na lugha ya mtaa. Itoshe kukumbuka kwamba yule tunayemwita mwenye roho mbaya hakuzaliwa nayo hivyo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume anasema kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, yaani maumbile yake safi ya asili, kisha wazazi wake ndio humgeuza, na akatoa mfano wa mnyama anayezaa mtoto mkamilifu: je, mmewahi kumwona aliyezaliwa amekatwa masikio? Masikio hukatwa baadaye, kwa mikono ya watu.

Sasa turudi kwenye kuviza. Neno la Kiarabu ni dassaahaa, na asili yake ni kukificha kitu kwa kukiingiza chini ya kingine. Asili hiyo hiyo inajitokeza katika Surat An-Nahl, pale Qurani inapomsimulia yule baba wa zama za ujahilia aliyepewa habari ya kuzaliwa mtoto wa kike, uso wake ukasawijika, akawa anajificha watu wasimwone huku akiwaza kama abaki naye kwa fedheha au amfukie udongoni. Kufukia huko na kule kuiviza nafsi ni neno la shina moja. Nilipolitambua hilo nililifunga jamvi la somo kwa muda, kwa kuwa kisa cha yule baba tumekizoea kukisoma kwa hasira, tukimlaani, na kumbe aya nyingine imetumia neno lake kwa mtu anayemfukia aliyemo ndani yake mwenyewe. Upande wa pili liko neno zakkaahaa, lenye shina moja na zaka, na ndani yake mna usafi na mna kukua kwa pamoja. Kwa hiyo anayefanikiwa ni yule aliyeisafisha nafsi hata ikakua, na anayekhasiri ni yule ambaye nafsi yake imemfia ndani ya ganda zima.

Maneno ya bibi yananisaidia hapa kuliko mawaidha mengi niliyoyasikia kuhusu madhambi makubwa. Nafsi nyingi hazivunjwi kwa nyundo. Wengi wetu tunaoishi Chanika, Bunju au Kigamboni hutoka majumbani gizani kukimbia foleni, na sala ya Alfajiri hutukuta tumesimama ndani ya daladala, tukijiambia kwamba tutailipa tukifika. Sisemi hivi kwa kumlaumu anayetafuta riziki ya halali, kwani jasho lake lina malipo. Nasema tu kwamba yai la pembeni halikuwa nje ya kiota. Lilikuwamo, likahesabiwa pamoja na mengine, na kila aliyepita aliona kuku amelikalia.

Dalili ya uhai nayo ipo. Yai lenye kifaranga ukilimulika baada ya siku saba utaona mishipa myembamba myekundu iliyotanda ndani. Kwa upande wa mtu, nadhani mishipa hiyo ndiyo ile nafsi ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia katika Surat Al-Qiyama, nafsi inayojilaumu. Wiki mbili zilizopita nilipanda daladala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, nikatoa noti ya shilingi 5,000, na konda, aliyekuwa akigombana na mwenye bodaboda mlangoni, akanirudishia chenji ya noti ya 10,000. Nilizihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa kanzu, nikanyamaza. Nilisali Adhuhuri Msikiti wa Mtoro nikiwa nazo, na nakiri kwamba katika sijda nilimwona konda zaidi ya nilivyomkumbuka Mola wangu. Siku tatu nzima chakula hakikuwa na ladha. Nikamweleza imamu wa msikiti wetu, nikitumaini ataniambia nizitoe sadaka yaishe, naye akasema sadaka ni kwa asiyepatikana, huyu anapatikana, nenda kituoni. Nilimngoja saa nzima juani. Alizipokea bila kuzihesabu, akaziingiza kwenye fungu la noti na kuendelea kuita abiria, wala sidhani alinielewa nilichokuwa nikimweleza.

Yale maumivu ya siku tatu niliyachukia yalipokuwa yakinisonga. Leo ninaogopa zaidi siku ambayo chenji itazidi na nitalala usingizi mnono.

Muslim amepokea kutoka kwa Zayd bin Arqam dua ambayo Mtume alikuwa akiiomba, na imebeba maneno yale yale ya Surat Ash-Shams: Allahumma aati nafsii taqwaahaa, wa zakkihaa, Anta khayru man zakkaahaa, Anta waliyyuhaa wa mawlaahaa. Ewe Mola, ipe nafsi yangu uchamungu wake na uitakase, Wewe ndiye mbora wa kuitakasa, Wewe ndiye msimamizi wake na bwana wake. Sura inasema amefanikiwa mtu aliyeitakasa nafsi, na dua inamwomba Mwenyezi Mungu ndiye aitakase, na wala hapana mgongano, kwa sababu yai halijiatamii. Tuisome juma hili katika sijda, hasa ya usiku, na mwenye nafasi aifundishe nyumbani kwake.

Bibi amemwekea kuku mwingine mayai kumi na mawili, na ameniagiza nirudi Jumamosi na tochi.

Wabillahi tawfiq.