Padri wa Kiarabu na miimo ya nyumba za watu

Mi si mtu wa makumbusho. Naingia, nazunguka nusu saa, nauliza choo kiko wapi, natoka. Lakini ile nyumba ya mchoraji Irma Stern kule Rosebank, Cape Town, ilinishika, tena ilinishika kabla sijaona picha hata moja mana nilichokutana nacho mwanzo ni mlango. Mlango wa Unguja jamani! Wa kuchonga, ule ule ambao sisi tumekua tukiuegemea tunakula ubuyu na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema lo, sanaa hii. Nimepanda ndege mbili kwenda kuona mlango wa mtaani kwetu.

Sa huyu Irma Stern huku kwetu wengi hawamjui, na ametuchora sana. Kazaliwa 1894 Schweizer-Reneke, kijimji cha wafugaji Transvaal, Afrika Kusini, wazazi wake Mayahudi wa Kijerumani. Vikaja vita vya Makaburu na Waingereza, baba yake akatiwa kizuizini na Waingereza, mama akabeba watoto wakakimbilia Cape Town, halafu Ujerumani, halafu wanarudi, halafu wanaondoka tena, yaani utoto wake wote uko melini. Kule Afrika Kusini ni Mjerumani, Ujerumani ni wa kutoka Afrika. Nadhani hapo ndo pa kuanzia ukitaka kuzielewa picha zake, huyu mtu alikuwa anatafuta pa kukaa.

Picha aliyokuwa anaihesabu kama kazi yake ya kwanza ya kweli aliichora 1916, Berlin, vita vya kwanza vimepamba moto. Alimuona mtoto wa kike kwenye tramu, kakonda, akaenda kumchora, kashika vimaua mkononi, macho makubwa kama kaona mambo ya watu wazima. Akaiita Mtoto wa Milele. Mwalimu wake hakuipenda kabisa, wakaachana hapo hapo. Aliyemshika mkono ni Max Pechstein, mchoraji wa ile kundi la Wajerumani waliokuwa wanachora rangi kali na mistari ya pupa, hawajali kama uso umefanana. Ukiiangalia ile picha huoni Afrika, huoni maua mengi wala matunda, unaona njaa tu. Mi naipenda kuliko nyingi alizochora baadae akiwa tajiri.

1920 karudi Cape Town, 1922 kafanya maonyesho, ikawa kasheshe. Gazeti likaandika kwamba huyu anaabudu ubaya, polisi nao wakaja kuangalia kama picha zina utovu wa maadili. Watu weupe wa pale walikuwa wamezoea picha za milima na ng'ombe, huyu anawaletea wanawake weusi kwa rangi nzito nzito. Wenyewe ndo hao hao baadae waligombania kuzinunua.

Mwaka 1926 kaolewa na Johannes Prinz, aliyekuwa mwalimu wake zamani, profesa wa Kijerumani, 1934 wakaachana. Watoto hawakupata. Hayo nayapitia haraka mana kwenye picha simuoni mume hata kidogo.

Ninachokiona ni safari. Alikuwa anakwenda Swaziland, Natal, Pondoland, anachora watu wa vijijini. Na hapa naomba niseme ukweli, huyu bibi alikuwa na ugonjwa wa wazungu wengi wa zama zake. Aliporudi Swaziland miaka ya 30 alisikitika, kisa watu wamevaa viatu na nguo za kizungu! Yeye mwenyewe kashuka kwenye gari na viatu vyake. Alitaka wakae vile vile wamsubiri mpaka lini? Kwa hiyo ukiona kwenye picha zake kila mtu katulia, kapendeza, anawaza mbali, jiulize wale wenye viatu walikwenda wapi. Aliwaacha nje ya fremu.

Halafu Hitler akashika madaraka 1933, na yeye Myahudi, Ujerumani ikawa haina njia tena. Vita vya pili vikaja kuziba Ulaya yote. Miaka hiyo hiyo ndo akageukia huku juu, Dakar kabla vita havijaanza, Kongo mwaka 1942, na Unguja mara mbili, 1939 na 1945. Akaandika na vitabu, kimoja cha Kongo 1943, kimoja cha Unguja 1948. Unguja ya wakati huo ni ya Sultani Khalifa bin Haroub chini ya Muingereza, karafuu, majahazi, Mji Mkongwe umejaa Waarabu, Mabohora, Wahindi, Wangazija, Waswahili wa kila namna. Kwa mtu ambaye hana kwao unaelewa kwa nini kapagawa. Picha za pale ndo bora zake, sisemi kwa sababu mi ni wa huko (kidogo nasema kwa sababu hiyo). Rangi kaipaka nene mpaka unatamani kuigusa, na ukisogea karibu ule weupe wa kilemba sio mweupe, una kijani, una manjano, una uwaridi, ndo mwanga wetu wa saa kumi ulivyo ukipenya uchochoroni.

Sasa hizo fremu. Alinunua mbao za milango ya Unguja, miimo na vizingiti vya kuchonga, zikakatwa zikawa fremu za picha zake. Nilisimama mbele ya moja nikasahau kuangalia picha. Ule mchongo wa mnyororo unapanda upande mmoja, ukifika kwenye pembe unakatika, pisi ingine inaanza na nakshi ingine, hazikutani. Fundi alichonga mnyororo ule uzunguke mlango mzima ndo maana yake, ulinde nyumba, leo umelinda turubai. Sijui nikasirike au nishukuru, mana milango mingapi imeachwa Mji Mkongwe ikaliwa na mchwa, hii angalau inafutwa vumbi.

Na bei zake sasa. 2011 pale London, mnada wa Bonhams, picha yake ya 1945 iitwayo Arab Priest ilikwenda zaidi ya pauni milioni 3, wakanunua watu wa makumbusho ya Qatar. Kuna nyingine, Arab in Black ya 1939, Muarabu na joho jeusi. Hiyo ilitolewa iuzwe kuchangia mawakili wa Mandela na wenzake kwenye ile kesi ya uhaini, watu 156 walikamatwa mwaka 1956, mwisho wake 1961 waliobaki wakaachiwa. Aliyenunua akahamia Uingereza na picha yake, na 2015 ikakutwa kwenye fleti London, jikoni, imegeuzwa ubao wa kubandikia barua na bili! Ikauzwa zaidi ya pauni laki 8. Basi Muunguja wa watu kakaa kikao kimoja 1939, sijui alipewa hata soda, katoka hapo kaenda kumsaidia Mandela kisha kaishia kushikilia bili za umeme za London.

Ila jina lake hakuna. Ndo kinachonikereketa. Muarabu. Msichana wa Kibohora. Irma tunamjua tarehe ya kuzaliwa, mume, barua, mpaka alivyokuwa anaona tabu na unene wake, kafa 1966 nyumba ikafanywa makumbusho. Waliomkalia wakachorwa hatuwajui, na baada ya mapinduzi ya 1964 wajukuu wao wengine watakuwa Muscat au Dubai hawana habari kwamba sura ya babu yao ina thamani ya ghorofa.

Niliporudi nikamuonyesha bibi yangu ile Arab Priest kwenye simu. Yeye mwaka 1945 alikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Kavaa miwani, kaisogeza simu mbali, kaileta karibu.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Hajulikani bibi."

"Hajulikani vipi, si ana sura? Hapo chini wameandika nini?"

Nikamwambia, padri wa Kiarabu. Bibi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Padri! Na kilemba chake! Huyo ni shekhe mwanangu, au mzee tu kajikalia zake barazani kaambiwa tulia." Nikampitishia zingine. Kwenye ile iliyopigwa na fremu yake akanishika mkono, akaacha kabisa kuangalia uso, akawa anafuata ubao kwa kidole, kioo cha simu kinaruka huku na huku.

"Na hii miimo wameing'oa nyumba gani?"

Nikasema sijui. Akaanza kunihesabia nyumba za mtaani zilizokuwa na milango ya maana, ya nani ilianguka mvua za mwaka gani, nani aliuza mlango akaweka bati, kafika nyumba ya nne akaniambia hebu kaizime ile chai inachemka.